Ainisho la Wapandaji wa Kilimanjaro kwa Kigezo cha Mzigo

Elimu ya Mlima Kilimanjaro ilianza kwa ubishi. Mwezi Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitokea Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima wenye weupe kileleni, akaandika kwamba ile ni theluji. Taarifa ikafika London, na huko alikuwapo mwanajiografia William Desborough Cooley, bingwa wa Afrika aliyeisoma Afrika yote akiwa kitini. Cooley akaikataa. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani, mmisionari kaona vibaya. Msimamo huo aliushikilia miaka na miaka, na theluji nayo ikaendelea kukaa pale pale bila kumjibu.

Makala haya yanamfuata Cooley katika jambo moja tu: yanatamka mambo kwa uhakika mkubwa. Ila mwandishi wake amesimama getini Machame asubuhi ya mvua, na kambini Barafu amekunywa chai iliyopoa kabla ya kufika mdomoni, kwa hiyo anajihesabu kuwa mtafiti wa uwandani.

Pengo la kitaaluma lililopo ni kubwa, na ni aibu. Mimea ya mlima huu imekwisha kupewa majina mpaka ya Kilatini. Yale magogo yenye vichwa kama kabichi yanayoota bonde la Barranco ni Dendrosenecio kilimanjari, na lobelia ile inayofunga majani usiku ili baridi isiue chipukizi ni Lobelia deckenii. Panya wa kambi ya Horombo wanafahamika. Kunguru wenye shingo nyeupe wanafahamika, tena kwa wizi. Kiumbe pekee ambaye hajaainishwa ni yule anayekuja kwa makumi ya maelfu kila mwaka, amevaa koti la rangi ya chungwa, analipa kwa dola na anauliza choo kiko wapi.

Si kwamba watu hawakujaribu. Kuna shule ya wapishi, inayoainisha kwa utaifa: hawa hawali nyama, hawa hawali bila mkate, hawa wanakula chochote lakini kwa kukipiga picha kwanza. Mkabala huu una nguvu sana sehemu za msituni, lakini hauvuki mita 4,000, kwa sababu kuanzia hapo mataifa yote hayali. Kuna pia shule ya vinywaji. Kwa mujibu wake, njia ya Marangu, yenye vibanda vya kulala na soda za kununua, ni Njia ya Coca-Cola. Machame, ya mahema na ya kupanda na kushuka, ni Njia ya Whisky. Mgeni akisikia hivyo anadhani anachagua kati ya laini na kali. Kumbe anayechagua Coca-Cola mara nyingi hupanda kwa siku tano, mwili haupati nafasi ya kuizoea hewa nyepesi, na usiku wa mwisho anageuzia njiani huku akitapika. Aliyechagua Whisky kwa siku saba hupandishwa mchana mpaka Lava Tower, mita 4,600 na ushei, kisha hushushwa kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Analalamika kwamba kapandishwa bure. Hiyo ndiyo dawa yenyewe, na huyo ndiye anayefika. Kinywaji, kwa kifupi, kimempotosha mtafiti.

Mimi napendekeza mzigo.

Sababu ni kwamba mzani wa getini haujui utaifa wala umri. Kwa utaratibu wa hifadhi, mpagazi, ambaye mlimani anaitwa mgumu, asibebeshwe zaidi ya kilo 20, na mzigo hupimwa kabla ya kuondoka. Mgeni mmoja wa hema huhitaji wagumu watatu au wanne, na hapo hujamtaja mwongozaji, msaidizi wake, wala mpishi, ambaye hutambulishwa kwa wageni kuwa ni injinia wa tumbo. Wageni sita wakiondoka getini, nyuma yao wanafuatana watu zaidi ya ishirini na meza ya kukunja, viti, mitungi ya gesi, trei za mayai, na choo. Ndiyo, choo; kina mtu wake, na mtu huyo huongozana na mgeni kwa adabu kuliko wote. Hiyo ndiyo nyika ambayo mgeni, akirudi kwao, atawasimulia wenzake kwamba alikuwa peke yake na maumbile. Basi nadharia yangu ni hii: mpandaji hatambulikani kwa anachobeba, hutambulikana kwa anachobebesha.

Nadharia nzuri sharti ipite kwenye historia, na hii inapita. Hans Meyer alijaribu mlima mwaka 1887, akashindwa na barafu. Akarudi mwaka 1889 na Ludwig Purtscheller, na tarehe 6 Oktoba wakasimama kileleni. Mengi yameandikwa juu ya ushujaa wao. Kilichobadilika hasa ni mpango wa mizigo: safari hii Meyer alipanga kambi kadhaa, na wapagazi wakawa wanapandisha chakula kutoka chini kila baada ya siku chache, ili jaribio likishindikana leo lirudiwe kesho bila kushuka mpaka Marangu. Kijana wa Marangu, Yohani Kinyala Lauwo, anakumbukwa kuwa ndiye aliyewaonyesha njia. Kisha Meyer akachukua jiwe la kileleni akampelekea Kaisari wake. Kwa kigezo changu basi, mpandaji wa kwanza wa kisayansi aliyeandikwa ni mtu aliyeshuka na mzigo mzito kuliko ulivyostahili.

Kundi la kwanza, na ndilo lenye sampuli nyingi, ni la Mhamaji. Kampuni nyingi humwambia mgeni mapema kwamba begi lake lisizidi kilo 15, ili mgumu abaki na nafasi ya vitu vyake. Mhamaji huipokea kanuni hiyo kwa roho ya majadiliano. Getini begi linaning'inizwa kwenye mzani, mshale unapita alama, na kinachofuata ni sherehe ambayo mtafiti makini haikosi: begi linafunguliwa hadharani kwenye sakafu ya saruji. Vinatoka suruali sita, mto wa shingo wa kwenye ndege, kopo la unga wa protini, mashine ya kukaushia nywele (umeme wa kambi ya Shira ni habari nyingine), kitanda cha upepo ingawa godoro lipo, na kitabu chenye jalada gumu kinachofundisha namna ya kuishi na vitu vichache. Mwongozaji anaokota kimoja kimoja na kuuliza kwa upole, "Mama, hiki tukiache?" Mama anafikiri. Kinachoachwa hatimaye ni kofia ya jua.

Pembeni amesimama mgumu mwenyewe wa begi lile. Hasemi neno. Kabla ya mzani alikuwa ameshashika mkanda, akalinyanyua kidogo tu, akalirudisha chini, akatazama mawingu. Huo ni upimaji wa awali, na haupishani na mzani kwa zaidi ya nusu kilo. Begi likikubalika anaitumbukiza duffel ile ya bei kubwa ndani ya kiroba kilichowahi kubeba mahindi, anakifunga kwa kamba, anapachika mfuko wake mdogo wa blanketi juu, na mzigo unapanda kichwani. Dakika kumi baadaye ameshampita mwenye begi, akimsalimia "Pole pole, mama," naye hana pole pole yoyote.

Kuna jamii ndogo ya Mhamaji wa Siri. Huyu usiku wa kuamkia safari hotelini huhamisha kilo zake tano za ziada kwenye begi la mgongoni, ambalo halipimwi. Getini anafaulu kwa alama za juu. Saa mbili baadaye, katikati ya msitu, begi la mgongoni limeshahamia kwa msaidizi wa mwongozaji. Kutokana na tukio hili, linalojirudia bila kukosa, nimefikia Kanuni ya Uhifadhi wa Mzigo: mzigo mlimani hauumbwi wala haupotei, hubadilisha mgongo tu.

Mpimaji ni wa kundi la pili. Mzigo wake ni mdogo kwa kilo, ila ni mzito kwa masikio. Ana saa inayopima mwinuko, mapigo ya moyo na usingizi, na daftari. Kila jioni mwongozaji anapopita mahema akibana wageni vidole kwa kifaa cha kupimia oksijeni ya damu, Mpimaji huwa tayari amejipima mara tatu. Akipata 86 anatabasamu na kuuliza jirani amepata ngapi. Akipata 79 na jirani ana 84, hapo utafiti wa kweli huanza: anapuliza vidole, anavifikicha, anabadilisha mkono, anaomba kifaa kingine. Ana hoja, maana kidole kilichopoa hudanganya kifaa, lakini hoja hiyo huikumbuka namba ikiwa ya chini tu. Anameza vidonge vya Diamox, vya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, kwa ratiba na kueleza mezani, wakati wa supu, jinsi ncha za vidole zinavyomchonyota na mara ngapi ametoka nje usiku. Sayansi inashukuru.

Kilele cha Mpimaji ni pale ubao wa kilele cha Uhuru unapoonekana. Ubao unasema mita 5,895. Mpimaji anajua kwamba vipimo vya setilaiti vya mwaka 1999 vilitoa 5,892, na vya mwaka 2008 vikatoa 5,891. Analisema hilo pale pale alfajiri, meno yakigongana. Jibu nililolisikia la mwongozaji linafaa kuingizwa kwenye vitabu vya jiografia: "Sawa kaka, zimepungua. Tupige picha tushuke."

Mwenye Mbio hanichukui muda, naye atafurahi. Ni kijana, mara nyingi ni mwanamichezo kwao, naye huamini kwamba "pole pole" ni salamu. Hoja yake ni kwamba wagumu wenyewe wanakimbia. Hoja yake ya pili ni mkimbiaji Karl Egloff, ambaye mwaka 2014 alipanda na kushuka mlima mzima kwa saa 6 na dakika 42. Huwa hataji kwamba Egloff ni mzaliwa wa Quito, mji ulioko kwenye mita 2,850, mwinuko ambao Mwenye Mbio aliufikia kwa mara ya kwanza maishani jana jioni. Ataongoza siku ya kwanza, ataongoza ya pili, ya tatu ataanza kuumwa kichwa na kusema ni jua. Kitaaluma ana umuhimu wa pekee, maana akizidiwa hushushwa kwa ile machela ya gurudumu moja, watu wanne wakiishika huku na huku juu ya mawe. Katika ainisho lote hili ndiye pekee anayeanza akiwa mpandaji na kumaliza akiwa mzigo.

Mhisani naye hupanda kwa niaba ya jambo, na jambo lenyewe huja na vifaa. Mwaka 1994 msafara wa kutetea vifaru ulikuja na vazi zima la kifaru, na mwandishi Douglas Adams alikuwamo kwa sehemu ya safari. Mwaka 2014 ilichezwa kriketi ndani ya kreta. Mwaka 2017 wanawake kutoka nchi mbalimbali wakacheza mpira wa miguu juu ya mita 5,700, na magoli hayakupanda yenyewe. Wa nyumbani tunao pia: Mgodi wa Geita umekuwa ukiendesha Kili Challenge tangu mwaka 2002 kuchangia mapambano dhidi ya Ukimwi. Mtafiti angependa kumkosoa Mhisani, ila kila akitaka kufungua mdomo anakumbuka fedha zimekwenda wapi, anaufunga. Nasema tu kwamba vazi la kifaru halikunjiki.

Lakini kundi linalostahili kitabu chake peke yake ni Mzalendo. Asili yake inajulikana kwa tarehe. Usiku wa kuamkia uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera ya Tanganyika na mwenge juu ya kilele cha Kibo, na tangu siku hiyo kila ifikapo Desemba yanaibuka makundi ya ofisi, benki, vyuo na vikundi vya mazoezi kutoka Dar es Salaam na kwingineko, yenye fulana za rangi moja. Nyirenda alipandisha bendera na mwenge. Wajukuu zake wanapandisha bango.

Bango ndilo kiini cha Mzalendo. Limechapishwa siku mbili kabla, lina nembo ya ofisi, picha ya mkurugenzi ambaye hakuja, na kaulimbiu ya maneno kumi na moja. Mpaka Horombo linabebwa kwa zamu na kwa heshima. Kuanzia kambi ya Kibo linasahaulika, kisha linapatikana kwenye begi la msaidizi wa mwongozaji. Kileleni linafunguliwa na watu wanne wenye glovu ambazo haziwezi kushika kona. Upepo unaingia, mkurugenzi anavimba shavu moja, kaulimbiu inabaki na maneno manne, na mpiga picha, ambaye ni mwongozaji akiwa na simu saba mfukoni, anapiga kelele, "Shusha kidogo! Kulia! Huyo mama haonekani!" Tangu intaneti ya kasi ifikishwe mlimani mwaka 2022 kuna pia wa kurusha mubashara, akiwaambia watu walioko kwenye daladala Mbagala kwamba huku juu kuna baridi.

Kwa mzigo mwingine Mzalendo ni mwepesi ajabu. Ameazima koti la shemeji aliyewahi kusoma Ulaya, na anaamini moyoni kwamba baridi ya nchi yake mwenyewe haiwezi kumfanyia hivyo. Anaikubali chai na bisi za saa kumi jioni, supu ya tango anaitazama kwa muda, halafu anainuka, anavuka uwanja wa kambi, mpaka kwenye hema la jikoni ambako wagumu wanasonga ugali wao. Anapiga shikamoo kwa mkubwa wao, anajibiwa marahaba, anasogezewa ndoo iliyofunikwa akae. Hakuna kundi jingine linalovuka mpaka ule. Kwa upande wa pili, Mzalendo ameharibu utafiti mmoja muhimu: anaelewa wanachosema wagumu wakipita nyuma ya wageni. Siku akiwamo kwenye msafara ainisho lao wenyewe, ambalo ni la zamani kuliko langu na lina majina makali zaidi, hufanywa kwa kunong'ona, au kwa Kichaga.

Yapo makundi madogo. Waliooana wiki iliyopita, ambao hufika Barranco hawasemezani na hushuka njia ya Mweka wameshikana mikono. Wazee wa miaka sitini na zaidi, ambao hawampiti mtu, hawaulizi namba za mtu, na hufika. Halafu Mkiwa wa Begi: ndege imemleta Uwanja wa Kilimanjaro, begi limekwenda mji mwingine. Anapelekwa Moshi kukodi kila kitu kuanzia soksi, na kwa kuwa hana chake, mzani getini unampitisha bila neno. Wagumu humpenda kwa siri.

Sasa lazima nikiri udhaifu wa ainisho, kama desturi ya taaluma inavyotaka. Halifanyi kazi usiku wa kilele. Kati ya kambi ya Barafu na Stella Point, ukingoni mwa kreta, kuna zaidi ya mita elfu moja za kukwea, na msafara huanza kama saa sita usiku, wakati changarawe imeganda na inakubali kukanyagwa. Hewa ya huko inabeba karibu nusu ya oksijeni ya pwani. Mrija wa maji unaganda, betri zinakufa kwa baridi, saa ya Mpimaji inazimika kwanza. Mhamaji anagundua kwamba katika suruali sita hakuna ya upepo. Kila aliyekuwa na begi mgongoni hanalo tena, na ukimulika mbele unamwona msaidizi wa mwongozaji amevaa mabegi matatu, mawili mgongoni na moja kifuani, akiimba ili watu wasilale. Kundi linabaki moja, la watu wanaotazama visigino vya aliye mbele na kuuliza bado kiasi gani. Jibu ni "karibu tu," na limekuwa "karibu tu" tangu kambini. Kanuni ya Uhifadhi wa Mzigo haijawahi kuthibitishwa kwa usafi kiasi hicho popote.

Jua likichomoza makundi yanarudi. Kwanza simu zinapashwa moto kwapani. Ndipo bango linatafutwa.

Uainishaji wa mwisho hufanyika chini, getini Mweka, baada ya matope, na safari hii wanaoainisha ni wagumu. Mgeni anatia saini kwenye daftari, anapokea cheti, anatoa bahasha. Bahasha hupimwa kwa njia ile ile ya begi, kwa kunyanyuliwa kidogo tu, na hapo ndipo Mhamaji hushangaza watafiti: yule yule wa mashine ya nywele huwa ndiye aliyekumbuka jina la kila aliyembebea, na bahasha yake ni nene. Wenye bahasha nyembamba wana hotuba ndefu. Halafu kuna vifaa vinavyoachwa, tochi za kichwani, fimbo moja iliyobaki kati ya mbili, koti lenye zipu mbovu, na viatu. Wagumu wanavigawana kwa bahati nasibu, vikaratasi ndani ya kofia. Viatu namba 46 vikimwangukia mwenye mguu wa 41, hahuzuniki hata kidogo, kwa sababu jioni hiyo hiyo vitakuwa kwenye soko la mitumba la Memorial mjini Moshi. Na kabla ya mwezi kuisha vimeshanunuliwa na mwenye duka la kukodisha, vimesuguliwa kwa brashi, na vinapelekwa hotelini kwa Mkiwa wa Begi, ambaye ameambiwa avae soksi mbili.